UZI: Matokeo ya urais Marekani hutangazwa saa ngapi zetu, na nani hasa huyatangaza?

Mkesha wa Pangani

Wakuu, habari za humu.

Naanza na aibu yangu. Novemba 2008 nilikuwa kijana, nakaa kwa babu Pangani. Redio ikasema Wamarekani wanapiga kura Jumanne, matokeo ni usiku. Babu akatuambia tujiandae kukesha usiku wa Jumanne. Sasa kwa mzee yule, kama kwa wazee wengi wa pwani, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Jumanne ni ule unaoanza Jumatatu jua likishazama. Basi tukakesha Jumatatu, watu kumi na moja sebuleni, televisheni ya kuazima, kahawa na kashata, mpaka jogoo la kwanza. Kimya. Wachambuzi wanabwabwaja tu. Saa mbili asubuhi, macho yamewiva, ikatokea kwenye kioo: Obama 15, McCain 6. Wacha turuke! Mjomba alitoka na msuli wake kwenda kuwatangazia mtaa mzima.

Baadaye ndiyo tukajua zile zilikuwa kura za Dixville Notch, kitongoji cha New Hampshire ambako wapiga kura wachache waliopo hupiga saa sita kamili usiku, siku ya uchaguzi inapoingia, na kuhesabu hapo hapo. Saa sita usiku yao ni saa mbili asubuhi yetu. Kura 21, sisi tumeshaapisha rais. Usiku uliofuata, ule wenyewe, nyumba nzima ililala fofofo.

Tangu hapo nimelifuatilia jambo hili kila baada ya miaka minne. Naweka ninachokijua, mwenye zaidi aongeze.

Novemba, New York na Washington wako nyuma yetu kwa saa nane. Chicago tisa, Denver kumi, Los Angeles kumi na moja, Hawaii kumi na tatu. Alaska ni kumi na mbili barabara, yaani mishale ya saa inasoma sawa na yetu, ila wao usiku sisi asubuhi.

Hakuna saa moja ya kufunga vituo nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake. Wa kwanza kufunga ni sehemu za mashariki za Indiana na Kentucky, saa nane za usiku kwetu. Saa tisa inakuja Georgia, Virginia na sehemu kubwa ya Florida, halafu nusu saa baadaye Ohio na North Carolina. Saa kumi alfajiri, wakati muadhini anajinyoosha, linafunga kundi kubwa pamoja na Pennsylvania. Saa kumi na moja ni Wisconsin, Arizona na kipande cha mwisho cha Michigan. Nevada saa kumi na mbili, California saa moja asubuhi. Wa mwisho kabisa ni kisiwa cha Adak, kule mkiani mwa Alaska, wanafunga saa tatu asubuhi. Kariakoo mtu ameshauza mzigo wa kwanza, Adak bado wako kwenye foleni.

Kwa hiyo anayewasha runinga saa tano usiku wetu akitaka matokeo anapoteza umeme. Saa hiyo kule ni saa tisa alasiri, watu wako kazini.

Sasa swali la pili, nani anatangaza. Jibu ni kwamba usiku ule hakuna mwenye mamlaka anayetangaza rais. Hakuna tume ya taifa ya kuhesabu kura. Ile Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi iliyopo Washington inahusika na fedha za kampeni. Kura zinahesabiwa na wilaya, zinajumlishwa na majimbo, na majimbo huidhinisha wiki kadhaa baadaye. Kile tunachokiona kwenye runinga ni hesabu ya vyombo vya habari. Associated Press, AP kwa kifupi, wanafanya kazi hiyo tangu 1848. Wana watu wao kwenye ofisi za wilaya wanaopiga simu kutoa namba, wengine wanachota kwenye tovuti. Wakiona aliye nyuma hana tena pa kupatia kura za kumfikisha, wanamtaja mshindi wa jimbo. Kila jimbo lina wajumbe wake ambao ndio humchagua rais. Akifika wajumbe 270 kati ya 538, dunia nzima inasema "ametangazwa". Wajumbe wenyewe wanapiga kura Desemba, na Bunge lao linazihesabu rasmi tarehe 6 Januari.

---

Dagaa Mchele

Obama 15 McCain 6 😂😂😂 Mjomba amenimaliza. Aliomba radhi mtaani au alikausha?

---

Mkesha wa Pangani

Alikausha. Jumatano ilipotangazwa kweli akasema "si niliwaambia jana?"

---

Bishoo wa Mezani

Mkuu, uzi mzuri, lakini kuna kitu hakijawahi kuniingia akilini. 2020 nimelala Trump anaongoza Pennsylvania kwa zaidi ya laki sita. Nimeamka, amepunguzwa. Alhamisi amepunguzwa tena. Jumamosi naambiwa Biden. Kwetu ukiona namba inapanda usiku wa manane bila maelezo unajua kuna watu wako chumba cha nyuma. Kwa nini kule niambiwe ni kawaida?

---

Bahasha ya Pili

Kaka Bishoo, acha nikujibu mimi maana nilikuwa kwenye hicho chumba cha nyuma. Naishi Pennsylvania, uraia nilishapata, na 2020 nilichukua kibarua cha kuhesabu kura kwenye wilaya yetu.

Sheria ya Pennsylvania inasema kura za posta zisiguswe kabla ya saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi. Zimefika wiki tatu kabla? Zinakaa kwenye kabati limefungwa. Na mwaka ule wa korona zilikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu jimbo zima.

Kura moja ya posta ni hivi. Bahasha ya nje ina tamko la mpiga kura, sahihi na tarehe. Unaikagua, kisha inafunguliwa. Ndani kuna bahasha ya pili, tupu kabisa, haina jina, ndiyo ya siri. Mtu akisahau kuitia karatasi yake kwenye hiyo ya pili, kura imekufa. Zile za pili zinakusanywa na kuchanganywa ili asijulikane nani kapiga nini, ndipo zinafunguliwa. Karatasi inatoka imekunjwa. Ukiipeleka kwenye mashine hivyo hivyo inakwama. Basi unainyoosha, unaikunja upande wa pili, unaipapasa kwa kiganja kama unapiga pasi kanga kwa mkono. Halafu inayofuata. Halafu inayofuata. Meza yetu tulikuwa wanne na saa nane mchana vidole vyangu vilishakauka mafuta yote, karatasi inakata kama wembe. Nyuma yetu wamesimama mawakala wa vyama vyote viwili, wametukodolea macho.

Wakati huo kura za vituoni zinaingia mashine moja kwa moja mtu anapopiga. Vituo vikifungwa saa mbili usiku, zile namba zinatoka ndani ya saa moja au mbili. Sasa nani alipiga kituoni na nani kwa posta? Trump alikuwa amewaambia watu wake miezi mizima wasiziamini za posta. Wa Biden waliogopa korona, wakatuma. Kwa hiyo sanduku la kwanza kufunguliwa lilikuwa la Trump na la mwisho la Biden. Kura zote zilikuwa zimeshapigwa kabla hujalala, kaka. Kilichokuwa kinaendelea ni kuzinyoosha tu.

Mwisho Biden alipita kwa kama elfu 80. AP wakamtaja Jumamosi tarehe 7, saa tano na dakika 25 asubuhi ya huku, sawa na saa moja na dakika 25 usiku wa nyumbani.

---

Bishoo wa Mezani

Dada nimekuelewa, hasa hapo kwenye kunyoosha. Lakini bado nauliza, kwa nini Florida wao walimaliza mapema usiku ule ule? Na wao si wana kura za posta?

---

Bahasha ya Pili

Wanazo, tena nyingi. Florida wanaruhusu kuzifungua na kuzipitisha kwenye mashine siku nyingi kabla, ila namba ni marufuku kutoa mpaka vituo vifungwe. Vikifungwa tu wanamwaga zote kwa pamoja. Kwa hiyo kule ni kinyume chake, za posta ndizo zinazotangulia.

California ni habari nyingine. Kila mpiga kura ambaye usajili wake uko hai kwenye daftari anatumiwa karatasi nyumbani, na iliyogongwa muhuri wa posta siku ya uchaguzi inapokelewa hata ikifika siku saba baadaye. Wanahesabu kwa wiki kadhaa. Watu hawalioni hilo kwa kuwa mshindi wa California anajulikana hata kabla ya kuhesabu.

Na Nevada hawatoi namba yoyote mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni ya mwisho jimbo zima awe amepiga. Ukiona kioo cha Nevada kiko sifuri saa moja asubuhi kwenu, usidhani intaneti imekata.

---

Mkesha wa Pangani

Dada, asante sana. Hiyo ya kunyoosha karatasi hakuna mchambuzi wa runinga aliyewahi kuisema.

Niongeze Florida ya 2000, Bush dhidi ya Gore, maana hapo ndipo saa zenyewe zilipofanya madhara. Florida imekatwa na mstari wa saa. Rasi yote iko saa za mashariki, ila ule mkia wa magharibi, upande wa Pensacola, uko saa moja nyuma. Vituo vya rasi vikafungwa. Mkiani kulikuwa bado. Zilipobaki dakika kama kumi vituo vya mkiani vifungwe, runinga kubwa zikampa Gore jimbo. Watu wako njiani kwenda kupiga kura wanasikia kwenye redio ya gari kuwa jimbo lao limeshachukuliwa. Na mkia ule ni ngome ya chama cha Bush.

Saa mbili baadaye wakafuta. Mnamo saa nane na robo usiku za kule wakampa Bush, jimbo na urais wote. Gore akampigia Bush kumpongeza, akawa njiani kwenda kuhutubia, akaambiwa pengo linayeyuka, akampigia tena kuondoa pongezi. Alfajiri runinga zikafuta mara ya pili. Zote zilikuwa zinachota kisima kimoja cha takwimu, kwa hiyo mmoja akikosea wote wanakosea kwa pamoja. AP wao usiku ule hawakumtaja Bush. Mwishowe ikawa kura 537, na mahakama yao ya juu ikafunga kesi Desemba 12.

Kabla yake kulikuwa na 1980. Runinga ya NBC ilimtaja Reagan, aliyekuwa anapambana na Rais Carter, saa mbili na robo usiku za mashariki. Carter mwenyewe akakubali kushindwa kabla ya saa nne, California bado saa nzima na ushei vituo viko wazi. Wagombea wa chama chake wa ngazi za chini kule magharibi walilalamika kuwa watu walikata foleni wakarudi nyumbani. Baada ya kelele hizo runinga ziliahidi kutotaja jimbo lolote kabla halijafunga. Ni ahadi tu, si sheria, maana katiba yao hairuhusu kufunga mdomo wa habari namna hiyo. Na ndiyo sababu 2008 Obama alitajwa saa tano kamili za usiku, sekunde California ilipofunga. Kwetu saa moja asubuhi. Hesabu walikuwa nayo mapema, walikuwa wanasubiri saa igonge.

---

Kipepeo LA

Nyie mnaongelea Wamarekani, mimi nilipiga kura ya Kenya hapa hapa Los Angeles Agosti 2022, na hayo ya saa yalitupata sisi.

Vituo vya nje vinafuata saa za pale vilipo, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Agosti tuko nyuma ya Nairobi kwa saa kumi. Kwa hiyo kituo chetu kilipofunguliwa, Kenya ilikuwa imebakiza saa moja kufunga. Mimi nilitoka kazini nikafika ubalozi mdogo saa nane mchana. Nairobi ni saa sita usiku. Kwenye foleni kila mtu ameinamia simu, anafungua fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kituo, kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, za vituo vya kwao kijijini. Jamaa mbele yangu ameshajua mgombea wake amepata ngapi kwenye shule aliyosomea, na yeye mwenyewe hajapiga bado! Ni foleni ya ajabu sana hiyo.

Tofauti na Amerika ni kwamba IEBC waliweka picha za fomu, ila hawakujumlisha hadharani. Kila runinga ikachota fomu zile zile ikajumlisha kivyake, na kwa kuwa kila moja ilianza na maeneo tofauti, stesheni hii Ruto yuko mbele, ile Raila yuko mbele. Mama alinipigia kutoka Nakuru ananiuliza niangalie ya huku ndiyo ya ukweli. Mama, ya huku ni hizo hizo!

Ilibidi tungoje Chebukati, mwenyekiti wa IEBC, atangaze ukumbini Bomas, Jumatatu tarehe 15. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Siku sita za kusubiri katika saba zinazoruhusiwa.

---

Dagaa Mchele

Ukijumlisha kwa mpangilio wa fomu zilizofika, unajumlisha mwendo wa mtandao wa simu, si kura.

---

Ndugu wa Lushi

Salamu toka Lubumbashi. Sisi nchi yetu peke yake ina saa mbili. Lubumbashi, Goma, Bukavu tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi ya kila mahali, kwa hiyo sisi wa mashariki tunaanza wenzetu wa Kinshasa wamelala bado. Kwenye karatasi.

Maana Desemba 20, 2023 saa hazikuwa na kazi. Vituo vingi mashine na vifaa vilichelewa, vingine vilifungua mchana, vingine havikufungua kabisa, CENI, tume yetu ya uchaguzi, ikasogeza hadi kesho yake na kuna kwingine watu walipiga hata siku zilizofuata. Kwenye mtaa wetu matokeo ya kituo yalibandikwa ukutani usiku, kuna mtoto amewasha tochi ya simu, mzee mmoja anasoma namba kwa sauti, wengine tunaandika nyuma ya daftari la shule. Kila mtu alijua ya ukuta wake. Ya nchi hakuna aliyejua, maana wa kutangaza ni CENI peke yake.

Na kilichochekesha ni kuwa matokeo ya kwanza kabisa kutangazwa hayakutoka Kinshasa wala kwetu. Yalikuwa ya Wakongomani walio Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa, walipiga kwa mara ya kwanza mwaka ule. Walio mbali kabisa ndio wakawa wa kwanza. Tarehe 31 CENI wakampa Tshisekedi asilimia 73 na ushei.

---

Msuka Mikeka

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, niongeze la Wafaransa maana nina ndugu Mayotte, kwa majirani zetu wa Komoro. Zamani watu wa Martinique na Guadeloupe walikuwa wanapiga kura ya urais Jumapili sawa na Paris, na kwa kuwa wao wako nyuma saa tano au sita, jioni yao ilikuwa inakuta rais ameshajulikana. Sasa visiwa vyote vya upande wa Amerika pamoja na Polynesia vinapiga Jumamosi, siku moja kabla, na matokeo yanafungiwa kabatini mpaka saa mbili usiku wa Jumapili ya Paris. Mayotte wao wako mbele ya Paris kwa saa moja Aprili, kwa hiyo wanapiga Jumapili kama kawaida, wanakaa na matokeo yao mdomo umefungwa. Saa tatu usiku ya kule sura ya mshindi inatokea kwenye runinga, dakika ile ile nchi nzima.

Mimi naona hiyo ndiyo dawa. Kanada walichezea saa za vituo, Vancouver wanafungua na kufunga mapema zaidi kwa saa za kwao ili wasiachwe mbali na mashariki. Urusi ina kanda kumi na moja, wao marufuku kutoa namba mpaka Kaliningrad ifunge. Ila Wamarekani na uhuru wao wataendelea hivi hivi.

---

Bishoo wa Mezani

Sasa dada wa Pennsylvania, 2024 mbona iliisha haraka? Mchana nakula wali AP wameshamtaja Trump.

---

Bahasha ya Pili

Za posta zilikuwa chache kuliko za korona, na pengo lilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo zilizobaki kabatini hazikuweza kugeuza kitu. Sisi walitutaja mnamo saa nane na nusu usiku. Wisconsin ndiyo iliyomvusha 270, saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri. Kwenu saa saba na dakika 34 mchana, ndiyo wali wako huo. Mimi nilikuwa nimelala, mwaka ule sikuchukua kibarua. Vidole.

---

Dagaa Mchele

Wakuu, naomba jibu fupi maana nataka kuomba ruhusa kazini mapema. 2028 nikeshe lini?

---

Mkesha wa Pangani

Uchaguzi ni Jumanne ya kwanza baada ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba. 2028 inaangukia tarehe 7. Lala mapema, amka saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 8, uwe na kahawa. Ongeza saa nane juu ya saa za New York.

Ila angalieni 2032. Jumanne hiyo ni tarehe 2, na Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo mwaka ule ni tarehe 7. Watapiga kura bado wako kwenye saa za kiangazi. Wasipobadilisha sheria, tofauti itakuwa saa saba. Kila nilichoandika juu kirudisheni nyuma saa moja, isipokuwa Arizona na Hawaii, wao hawabadilishi saa.

---

Dagaa Mchele

Kwa hiyo 2028 ni Jumanne usiku?

---

Mkesha wa Pangani

Jumanne usiku. Kwa hesabu ya babu, usiku wa Jumatano. Mwambie na mjomba wako.